Tangulia Wewe

Biharusi aliyekwisha kupakwa manjano hatoki nje. Lucknow nzima inalijua hilo. Akitoka, ile harufu ya manjano na mafuta humwita kisichoonekana, nacho humfuata nyuma mpaka ndani. Nuzhat alilisikia tangu utotoni, na bado Ijumaa ile, saa sita mchana, alijifunika shali nyeusi ya mama yake juu ya nguo zake za njano, akapanda bajaji ya betri pale Nakhas, akapotelea katika ukungu.

Mama yake, Bi Kishwar, alimsimamisha mlangoni. Alimkumbusha kwamba kesho alfajiri gari linakuja, na Jumapili ni nikahi yake mjini Bahraich, nyumbani kwa amu yake, sasa leo anafuata nini huko? Nuzhat akajibu kuwa anakwenda kurudisha kadi ya kazi. Hakusema uongo, ila hakusema yote. Kadi ilikuwamo mkobani kweli. Kilichomtoa ndani ni simu aliyopigiwa asubuhi na Awasthi, msimamizi wa mitambo pale taasisi ya utafiti alikokuwa akifanya kazi.

"Binti," Awasthi alimwambia, "leo saa kumi na moja jioni nazima kila kitu, matengenezo ya mwaka. Foleni yote itafutwa. Na jina lake bado lipo."

Nuzhat hakuuliza jina la nani.

Pale taasisi kuna kompyuta zaidi ya mia mbili zilizofungwa pamoja kwenye makabati ya chuma, ndani ya chumba baridi chenye ukuta wa kioo, nazo hufanya kazi kama moja. Ni mali ya wote. Anayetaka hesabu zake zifanywe huandika maagizo: anataka kompyuta ngapi, kwa saa ngapi, zimfanyie nini. Huyatuma, hupewa namba, hukaa kwenye foleni. Ni kama tanuri la mikate pale Chowk. Kila mtu huleta unga aliokwisha kuukanda nyumbani, hupewa kikaratasi, akangoja zamu. Moto ni mmoja.

Nuzhat alikuwa akikokotoa sumu iliyomo katika maji ya visima. Asrar alikuwa mtu wa ukungu. Kila majira ya baridi alikaa na mashine zile kutafuta ukungu utashuka wapi, saa ngapi, na utainuka lini, maana njia za kwetu huua watu kila Januari, na yeye alizaliwa kando ya njia hizo, Bahraich, mtoto wa mtia rangi nguo.

Miaka miwili walikaa meza zinazotazamana. Alikuwa akimwita Bibi Nuzhat, naye akimwita Bwana Asrar. Hawakugusana hata mikono. Lakini kazi yake Nuzhat ilipokuwa ikikatwa na mashine usiku, asubuhi alikuta kikaratasi chini ya kikombe chake kikimweleza kosa liko mstari gani. Na alipoinua macho kushukuru, macho ya yule mtu yalikuwa yamekwisha kukimbilia kwenye skrini, masikio yamemwiva.

Mlangoni ndipo walipokuwa kichekesho cha taasisi nzima. Wote wawili ni watu wa adabu za Lucknow. Mmoja akisema tangulia wewe, mwingine hujibu hapana, tangulia wewe, na mlango umeachwa wazi, baridi ya mashine inatoka yote.

"Nyie wawili mtafia mlangoni hapo," Awasthi aliwahi kuwaambia huku akifunga koti. "Tokeni, hata kwa kusukumana."

Walicheka siku ile. Neno lile Awasthi anajuta kulisema hadi leo.

Bi Kishwar alipopata habari za Asrar alisema mara moja tu na hakurudia: binti wa Masayyid, wa kizazi cha Mtume, hatolewi kwa mtia rangi. Ni mjane, alimlea Nuzhat kwa sindano, akitia nakshi nyeupe juu ya kitambaa cheupe mpaka macho yakaingia maji. Nuzhat hakuweza kumvunja.

Basi ikaja Alhamisi moja mwanzoni mwa Desemba. Mashine zilikuwa zimejaa, imebaki nafasi ya kazi kubwa moja tu hadi baada ya Ijumaa, na wao wawili ndio waliokuwa mbele kwenye foleni. Nuzhat alijua Asrar atasafiri alfajiri na anahitaji kujua ukungu wa njia. Hakumwambia kitu. Aliishika kazi yake mwenyewe kwa amri, isiende mbele mpaka atakapoiachia kwa mkono wake, ili ya Asrar ipite. Akachukua mkoba.

Wakakutana mlangoni.

"Bibi Nuzhat, tangulia wewe."

"Tangulia wewe."

Hawakucheka. Asrar alikuwa amenyoa ndevu vizuri, amevaa sweta jipya. Akamwambia kwa sauti ndogo kwamba anakwenda kumchukua mama yake waje kuposa. Nuzhat akamweleza aliyoyasema Bi Kishwar, yote, hata lile la mtia rangi, maana aliona ni heri aumie hapa kuliko mama yake adhalilishwe sebuleni kwao.

"Mama ameshashona nguo ya kujia," Asrar akasema.

"Usije, Asrar."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina bila Bwana. Alimtazama, si kwa hasira, alimtazama kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. Kisha akapita. Siku ile ndiyo pekee aliyotangulia kutoka.

Alfajiri basi lake lilitumbukia mferejini kabla ya daraja, katika ukungu ambamo dereva hakuona taa za mwenzake. Watu kumi na mmoja walikufa, Asrar mmoja wao. Nuzhat hakuruhusiwa kwenda maziko, kwani angekwenda kama nani? Na arobaini ilipokaribia kuisha, amu yake akaleta posa ya Tabrez, mwenye duka la dawa, kijana mpole asiye na neno. Nuzhat akasema ndiyo, kama mtu anayesema ndiyo akiwa usingizini.

Sasa arobaini ilikuwa imesomwa juzi, na jina la Asrar bado limo kwenye foleni.

Alipofika, taasisi ilikuwa inaishiwa watu. Waislamu wamekwenda sala ya Ijumaa, wengine wamekwenda kula. Ukungu ulikuwa umebana madirishani mchana kweupe, kama pamba, hata miti ya uani haionekani. Awasthi alikuwa amekaa mbele ya kioo na chai yake imepoa. Aliona ncha ya nguo ya njano chini ya shali, akafumba macho kidogo. Wahindu nao wana mwiko huo huo.

Akamweleza pole pole, kama anayeungama. Kazi ile ya marehemu ilikaa siku arobaini na mbili haisogei, haianzi. Wengine wote waliikuta wakaipita. Alidhani ni kwa kuwa akaunti imefungwa. Alitaka kuifuta mwezi wa kwanza ulipoanza, mkono uko kwenye kibodi, umeme ukakatika jengo zima. Wiki iliyopita akajaribu tena, umeme ukakatika tena, na betri za akiba, ambazo ni mpya, zikakataa kwa dakika nzima.

"Mimi ni mtu wa nyaya, binti, si mtu wa mizimu," akasema. "Lakini mara ya tatu sijaribu. Saa kumi na moja itafutwa pamoja na nyingine zote, haitakuwa mkono wangu. Nimeona haki wewe uiage."

Kisha naye akainuka kwenda kula, au alisema anakwenda kula.

Nuzhat akabaki na mvumo wa mashine. Kiti cha Asrar kilikuwa mahali pake, kimesogezwa nyuma kidogo kama alivyokiacha. Hata wageni wasiojua kisa hawakuwa wakikikalia. Akasoma Fatiha, akakaa kwenye chake. Vidole vyake viliacha manjano juu ya kila herufi aliyoigusa.

Kwa siku arobaini na mbili aliliona jina lile kila akifungua foleni, na kila mara aligeuza macho. Hakuwahi kuuliza jambo ambalo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza huuliza: kazi imekwama kwa nini? Leo akaandika ile amri. Jibu likatoka mstari mmoja.

Inasubiri kazi namba 88412 ikamilike.

Aliisoma namba ile mara tatu. Ilikuwa namba yake. Ni ile kazi yake ya visima, aliyoishika kwa mkono wake Alhamisi ile na kamwe asiiachie, maana tangu habari ile hakuweza kuigusa.

Kwa hiyo Asrar naye, saa ile ile, kwenye meza inayotazamana na yake, aliiwekea kazi yake sharti: isianze mpaka ya Nuzhat iishe. Nuzhat alimpisha Asrar kimya kimya, na Asrar akampisha yeye kimya kimya. Mashine haina adabu wala mapenzi, ilitii wote wawili. Kila mmoja akamngoja mwenzake aende, na hakuna aliyekwenda. Na ukungu wa alfajiri ile haukukokotolewa na mtu. Asrar alipanda basi bila kujua.

Nuzhat aliweka kichwa juu ya meza. Alilia bila sauti, kama wanavyolia wanawake waliozoea kuta nyembamba. Aliposikia mlango, ni Awasthi amerudi, Nuzhat akamwonesha skrini. Mzee yule alisoma, akavua miwani.

"Mlangoni," akasema. "Hata humo ndani, mlangoni."

Nuzhat akamuuliza kama akiiachia yake sasa, ya Asrar itaanza. Awasthi akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa nane kasorobo. Akatikisa kichwa. Kazi yake Nuzhat iliomba saa sita, na mashine haikubali kuanza kazi ambayo saa zake zitavuka muda wa kuzimwa. Haitaianza hata kidogo. Itafutwa ikiwa imekaa, na ya marehemu pamoja nayo.

"Sita nilizitaka za nini?" Nuzhat akajiuliza kwa sauti.

Lakini alijua. Siku zote aliomba nyingi. Asrar alimwambia mara chungu nzima: omba unachohitaji, usiombe kwa woga, anayeomba kwa woga hukaa nyuma ya foleni. Yeye Asrar aliomba dakika kwa dakika. Ile yake iliyokwama pale ilikuwa imeomba saa moja na robo.

Akapiga hesabu kwenye kiganja chenye manjano. Akipunguza yake iwe saa mbili, itaisha kabla ya saa kumi kasorobo, na ya Asrar itaisha dakika chache kabla ya saa kumi na moja. Lakini yake isipokamilika ndani ya saa mbili, mashine itaikata, na iliyokatwa haihesabiwi kuwa imekamilika. Ya Asrar haitaanza milele.

"Ilipokwenda mara ya mwisho ilichukua muda gani?" Awasthi akauliza.

"Saa moja na dakika hamsini na kitu. Sikumbuki kitu gani."

"Basi mwombe Mungu wako, na mimi nimwombe wangu."

Akaandika saa mbili. Akasema Bismillahi, akaiachia.

Feni za mashine ziliamka. Chumba kile kina sauti zake. Kazi kubwa ikiingia, mvumo hubadilika, na aliyekaa miaka huweza kusema ni ya nani. Ya Nuzhat ilikuwa mvumo mmoja mnyoofu, kama cherehani.

Wakangoja. Nuzhat akafungua faili la maagizo ya Asrar kwenye folda waliyokuwa wakishirikiana, ajue kazi ile imeagizwa nini. Isome hali ya hewa mpya kabisa iliyopo siku itakapoanza. Ikokotoe ukungu wa alfajiri inayofuata, njia ya Bahraich. Itume jibu kwa ujumbe, namba mbili. Namba ya kwanza ilikuwa ya Asrar mwenyewe.

Juu ya namba ya pili palikuwa na mstari mmoja wa maelezo. Mistari ya namna hiyo mashine huiruka, huandikwa kwa ajili ya binadamu atakayesoma baadaye.

Hii ni ya Nuzhat. Siku moja atapita njia hii.

Shali ilimteleza mabegani. Awasthi aliuona mstari ule, akauona na uso wa msichana, akauliza harusi ni wapi. Nuzhat akamjibu ni Bahraich. Akauliza wanaondoka lini.

"Kesho alfajiri," Nuzhat akasema.

Awasthi akageukia saa ya ukutani.

Ilipofika saa moja na dakika hamsini na saba tangu ianze, kazi ya visima ikamalizika salama. Ilibaki dakika tatu tu ikatwe. Namba yake ikatoka kwenye foleni. Kwa muda kidogo chumba kilikuwa kimya kuliko Nuzhat alivyowahi kukisikia.

Kisha feni zikaanza. Zilianza chini chini, zikapanda polepole, zikashuka, zikapanda tena, kama mtu aliyelala anavyopumua. Awasthi alikuwa kwenye ngazi akikagua nyaya. Alishuka bila kutazama anapokanyaga.

"Hiyo ni ya Asrar," akasema.

Hakukuwa na haja ya kusema. Vidole vya Nuzhat vilikuwa vimekamata ukingo wa meza. Mvumo ule aliufahamu kama wengine wanavyofahamu hatua za mtu kwenye ngazi. Aliusikia jioni ngapi, akijifanya anasoma, na yule mtu kainamia kibodi upande wa pili. Aliogopa kuinua macho kwenye kile kiti. Alipoinua, kiti kilikuwa kitupu. Lakini hakuweza kuapa, hata baadaye, kwamba kilikuwa kimesogea nyuma vile vile.

Saa kumi na nusu umeme ukakatika. Taa zote zikazima, na mwanga wa ukungu ukaingia ndani, mweupe usio na kivuli. Nuzhat alisimama. Ndani ya kioo kabati moja tu lilibaki na taa zake za kijani zikipepesa, na ule mvumo wa kupumua ukaendelea, unapanda, unashuka. Betri za akiba safari hii hazikukataa. Wakasimama bega kwa bega, mzee na msichana wa njano, kila mmoja akisali kwa lugha yake, mpaka umeme ukarudi.

Dakika tatu kabla ya saa kumi na moja, mvumo ukashuka na haukupanda tena. Nuzhat akatazama foleni. Jina la Asrar halikuwepo.

Simu yake ikalia mkobani. Ujumbe.

Njia ya Bahraich, kesho alfajiri. Ukungu mzito, jicho halivuki hatua kumi. Usisafiri kabla ya saa nne asubuhi. Asrar.

Bado anausoma, simu ikaita. Kwenye kioo cha simu palikuwa na jina lile lile. Awasthi aliliona, akaketi kwenye ngazi. Nuzhat alipokea kwa sababu hakuweza kutopokea. Upande wa pili mtu alikuwa akipumua.

"Wewe ndiye Nuzhat?" ikauliza sauti ya mwanamke wa makamo.

"Ndiye mimi."

"Mimi mama yake Asrar. Simu hii ilipatikana begini, kavu kabisa. Naichaji kila siku, sijui kwa nini. Sasa hivi imelia. Sijui kusoma, binti wa jirani amenisomea, akalitafuta na jina lako humu." Akauliza taratibu, kama anayeuliza juu ya mgonjwa. "Huko kwenu, nani anasafiri kesho?"

"Mimi."

"Basi usiende, mwanangu. Wangu hakuambiwa."

Nuzhat alirudi nyumbani magharibi. Bi Kishwar alikuwa karibu na jiko la makaa, miguu ndani ya blanketi, anamalizia nakshi ya shali nyeupe ya kumpa mama yake Tabrez. Alisikiliza yote bila kuacha kushona. Nuzhat alipomaliza kusoma ujumbe, mama yake alisema mtu aliyekufa hatumi salamu, na anayedai kuzipokea ajisomee Ayatul Kursi alale. Nuzhat akamweleza kuwa si salamu. Ni kazi aliyoiandika akiwa hai, ikachelewa kufanywa.

"Kama wosia," mama akasema.

"Kama wosia, Ammi."

Wosia ni jambo Bi Kishwar alilolielewa. Akauliza tena yule mwanamke alisemaje, neno kwa neno. Nuzhat akarudia. Wangu hakuambiwa. Sindano ikasimama. Bi Kishwar alikuwa mtu wa kutolia mbele ya mwanawe tangu aliposhushwa mumewe kaburini, na hata usiku ule hakulia, ila alikosa tundu la sindano mara nne.

Ndipo akampigia shemeji yake Bahraich, akamwambia hawatatoka kabla ya saa nne. Amu alifoka mpaka Nuzhat akamsikia kutoka alipo: kadhi amewekwa, wapishi wamewekwa, na yeye shemeji ameanza kusikiliza majini?

"Nimemsikiliza mama mwenzangu," Bi Kishwar akasema, akakata.

Gari lilifika saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ukungu ulikuwa umeingia hadi uchochoroni, dereva alipiga honi na gari lenyewe halionekani. Alinung'unika kwamba yeye ameendesha katika ukungu tangu ana sharubu changa. Bi Kishwar akamuuliza kama ameoa. Akasema ameoa, ana wawili.

"Basi kaa unywe chai," akamwambia, akauchukua ufunguo wa gari, akautia kifuani mwake, na dereva hakuwa na la kufanya.

Saa mbili na nusu amu alipiga tena. Safari hii hakufoka. Aliuliza wako wapi, akauliza mara mbili. Lori la miwa lilikwama katikati ya daraja la mfereji tangu alfajiri, magari sita yameingiliana nyuma yake, na watu wa Bahraich wanakwenda kutazama kama ndugu zao wamo. Bi Kishwar alipomwambia wako nyumbani, yule mwanaume mkubwa alilia kwenye simu.

Kisha Bi Kishwar akaleta beseni la maji ya moto, akaketi chini mbele ya binti yake, akaishika mikono yake.

"Unamtaka Tabrez?"

Swali hilo hakuna aliyekuwa amemuuliza. Nuzhat akatikisa kichwa.

Mama akaanza kuisugua ile mikono, kidole kwa kidole, mpaka maji yakawa ya njano. Alisema atamwendea mama yake Tabrez yeye mwenyewe, uso kwa uso, na aibu ataibeba yeye, mabega yake yamezoea. Halafu akauliza, macho yakiwa kwenye maji:

"Lile jina. Kwenye foleni yenu. Bado lipo?"

"Limeondoka, Ammi. Kazi ikikamilika, jina hutoka lenyewe."

"Alhamdulillahi. Amepumzika."

Saa nne juu ya alama ukungu ukainuka. Uliinuka wote kwa pamoja, kama pazia la mlango, na jua likapiga ukuta wa jirani. Dereva, aliyekuwa amelala barazani, akaamka akatazama saa yake, akamtazama Bi Kishwar, akapangusa kioo cha gari.

Bi Kishwar alikunja ile shali nyeupe aliyoimaliza usiku. Alimwambia dereva wanakwenda Bahraich, lakini si kwenye nyumba ya harusi. Kuna nyumba ya mtia rangi nguo anayopaswa kwenda kutoa pole, amechelewa siku arobaini na tatu.

Dereva akafungua mlango wa gari. Mama akasogea pembeni.

"Tangulia wewe, mwanangu."

Nuzhat alifungua kinywa, kwa mazoea. Akakifunga. Akainama, akaingia.